Unga wa Mchezo: Mapishi ya Watoto katika Vijiji vya Machimbo

Ifuatayo ni mada iliyoandaliwa kwa ajili ya wazazi, walezi na walimu wa madarasa ya awali katika vijiji vinavyozunguka machimbo madogo ya dhahabu. Inachapishwa hapa ili iwafikie pia wale ambao shughuli za shamba na za mwaloni haziwaruhusu kuhudhuria mikutano.



Saa nne ya asubuhi, nyuma ya nyumba, mtoto wa miaka mitano ameinjika. Mafiga yake ni vipande vitatu vya tofali, sufuria yake ni kopo, mwiko wake ni kijiti cha mwarobaini. Mgongoni amembeba mwanasesere wa gunzi la hindi aliyefungwa kwa kipande cha kanga. Moto haupo, lakini anapuliza mafiga na kufikicha macho kwa sababu ya moshi. Anasonga, anaonja, anasema bado haijaiva, kisha anamkatia mwanasesere tonge. Mama yake akimwita, huitikia kwamba hana nafasi, wageni wamefika.

Mkazi wa Shinyanga au wa Geita hahitaji kusimuliwa zaidi. Kila ua lina jiko la namna hiyo, na wengi waliokwisha kuwa na watoto wao wenyewe waliwahi kulipika. Jambo linaloletwa mbele ya wazazi leo ni dogo, ila uzito wake si mdogo: unga uliomo ndani ya kopo lile umetoka wapi, na kopo lenyewe lilikuwa na nini kabla ya kuwa sufuria?

Katika kijiji cha wakulima watupu swali hilo lisingekuwa na maana kubwa. Udongo ni udongo. Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia vijiji vya Kahama hadi Nyarugusu na Rwamagasa, mambo ni tofauti. Mawe husagwa kwenye karasha yakawa vumbi laini, vumbi likaoshwa kwenye mialo, na masalia yakarundikwa pembeni. Masalia hayo ndiyo marudio. Ni laini, yamechekechwa vizuri kuliko udongo wowote wa uani, yakikauka huwa kama unga uliotoka mashineni. Mtoto anayetafuta unga wa kusongea ugali wake hawezi kupata ulio bora zaidi kwa macho. Huyachota kwa mikono, huyapepeta, na vumbi lake huingia puani na mdomoni. Kisha huonja, kwa kuwa mpishi ni lazima aonje.

Tatizo ni kwamba marudio hayakuoshwa kwa maji peke yake. Mchimbaji mdogo hutumia zebaki ili kuikamata dhahabu, na sehemu ya zebaki hiyo hubaki katika masalia. Masalia mengine huchukuliwa baadaye na kuchenjuliwa tena kwa sayanaidi. Rwamagasa, mkoani Geita, ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa na Mradi wa Kimataifa wa Zebaki ulioendeshwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNIDO mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu hapo suala la zebaki katika machimbo ya Ziwa si siri ya wataalamu. Mwezi Agosti 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, yakiwamo ya Geita na Shinyanga. Taarifa hiyo ilieleza habari za watoto, wengine wa miaka minane, wanaofanya kazi mashimoni na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Mwaka huohuo wa 2013 mataifa yalikubaliana juu ya Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake walipatwa na maafa ya zebaki iliyotoka kiwandani. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Taarifa na mikataba hiyo huzungumza zaidi juu ya mtoto anayefanya kazi. Mtoto anayecheza hutajwa kwa uchache, na huenda ndiye aliye wa kwanza kufikiwa na sumu, maana yeye hahesabiwi kuwa yuko machimboni. Yuko nyumbani.

Nchini Nigeria, katika jimbo la Zamfara, mwaka 2010, zaidi ya watoto 400 walipoteza maisha baada ya mawe ya dhahabu kusagwa katika makazi ya watu. Wengi wao walikuwa na umri wa chini ya miaka mitano, umri wa kutambaa, wa kuchezea udongo na kutia mkono mdomoni. Lazima isemwe wazi kwamba Geita si Zamfara: mawe ya kule yalikuwa na madini ya risasi kwa wingi usio wa kawaida, na risasi ndiyo iliyoua. Hata hivyo, njia iliyopitia sumu ile ni ileile inayopitia unga wa marudio, yaani kutoka kwenye vumbi la ua hadi mkononi, na kutoka mkononi hadi mdomoni. Ili kuokoa waliobaki, ilibidi udongo wa juu wa nyua uondolewe na kuwekwa udongo mwingine.

Mzazi akisikia haya, la kwanza linalomjia ni kupiga marufuku. Mafiga yapigwe teke, kopo litupwe, mtoto akae ndani. Uamuzi huo unaeleweka, lakini ni wa makosa, na yafaa kueleza kwa nini.

Mwanasaikolojia wa Urusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, aliandika juu ya mtoto anayepanda kijiti akakifanya farasi. Alieleza kwamba hapo mtoto anajifunza jambo kubwa: kitu kimoja kinaweza kusimama badala ya kingine. Huku kwetu farasi ni wachache, lakini gunzi linalobebwa mgongoni ni lilelile. Mtoto anayejua kwamba gunzi si mtoto na bado akalibembeleza lilale, huyo yuko njiani kuelewa kwamba alama iliyochorwa ubaoni, isiyo na sauti wala mdomo, inaweza kusimama badala ya sauti. Anayegawa ugali kwa wanasesere wanne na kuona mmoja hajapata, huyo anafanya hesabu ya kutoa kabla hajaijua kwa jina. Na maneno! Katika mapishi ya dakika kumi mtoto hutumia kuinjika, kukoroga, kusonga, kuepua, kupakua, kuchovya na kukomba. Mwalimu wa darasa la awali anayetaka kufundisha maneno hayo kwa ubao peke yake atapoteza wiki nzima.

Ndiyo maana madarasa ya awali huwa na kona za ujifunzaji, na mojawapo ni kona ya nyumbani yenye vyombo, vyakula vya kuigiza na wanasesere. Ndiyo maana pia Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa kuanzia kuzaliwa hadi miaka minane, imeweka ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Kucheza ni haki iliyomo katika Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Anayemnyima mtoto jiko lake kwa hofu ya zebaki anatimiza nguzo moja ya programu kwa kuivunja nyingine. Kilicho chema ni kumhamishia jiko mahali pengine na kumpatia unga mwingine.

Unga huo haununuliwi. Karibu kila kitu kinachohitajika kimo ndani ya nyumba na kinangoja kutupwa.

Trei ya mayai ndiyo mama wa mapishi haya. Trei tatu au nne kuukuu hukatwakatwa, huloweshwa kwenye ndoo usiku kucha, na asubuhi hutwangwa hadi ziwe rojo. Rojo hukamuliwa kwa kitambaa mpaka maji yaishe, kisha huchanganywa na uji mzito wa unga wa ngano au wa muhogo uliotiwa chumvi kidogo ili usiote ukungu mapema. Hapo limepatikana donge linalofinyangika kama udongo, na likikauka huwa jepesi na gumu. Kwa donge hilo hufinyangwa tonge la ugali, kiazi kitamu, andazi, kitumbua, yai na hata samaki sato mwenye magamba yaliyochorwa kwa ncha ya kijiti. Huanikwa juani siku tatu, na vitu vinene huhitaji zaidi. Anayeharakisha atavuna ugali uliooza katikati, kwa hiyo inafaa kufinyanga vitu vidogo au kuzungusha donge juu ya mpira wa karatasi kavu.

Rangi nazo zipo jikoni. Manjano ya mchuzi hutoa kiini cha yai na ndizi mbivu. Masizi ya chungu yakichanganywa na uji huwa maharage na nyama ya kubanika. Majani ya maboga yaliyotwangwa hutoa kijani, ingawa hufifia haraka juani. Udongo mwekundu wa kichuguu hutoa rangi ya kiazi. Rangi za dukani za kupaka milango na mageti hazifai hata kidogo kwa kitu ambacho mtoto atakitia mdomoni, na mtoto atakitia mdomoni tu, hata akikanywa mara mia.

Wali hupatikana kwa kufumua nyuzi za mfuko mweupe wa salfeti uliokuwa na sukari au unga, kisha kuzikata vipande vifupi vinavyolingana na punje. Mlenda na majani ya kunde ni vipande vya kitambaa cha kijani, au vya ile mifuko mbadala iliyoenea baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 1, 2019. Ndala iliyokatika hukatwa kwa kisu ikawa vipande vya nyama, na ndala ya samawati itatoa nyama ya samawati, jambo lisilowasumbua watoto hata kidogo. Chapati ni boksi lililokatwa duara na kupigwa madoa ya masizi. Sinia ni kifuniko cha ndoo. Kuhusu michembe, hakuna haja ya kuiigiza: michembe halisi ni mikavu, migumu, haiharibiki, na inafaa kabisa katika jiko la mchezo. Mara nyingi itaishia tumboni, na hilo halina lawama.

Wavulana wasiachwe nje ya shughuli hii. Katika vijiji vya Usukuma mvulana hufinyanga ng'ombe wa udongo tangu zamani, mwenye nundu na pembe zilizopinda, na hakuna anayemwambia kwamba anapoteza wakati. Mikono iliyozoea nundu itafinyanga andazi bila shida. Udongo wa kufinyangia uchotwe mbali na mialo na mbali na mikondo ya maji inayotoka kwenye mialo. Udongo wa kichuguu kilicho shambani ni salama zaidi na hushikana vizuri. Baba aliyerudi na uchovu anaweza kuchukua dakika kumi akakata chapati za boksi. Si kazi ya kike wala ya kiume, ni mkasi na boksi.

Sasa yarudiwe makopo. Katika nyumba nyingi za ukanda huu vitu vya jikoni, vya shambani na vya machimbo hukaa pamoja, pengine chini ya kitanda kimoja. Karai lililotumika kuchanganyia zebaki huoshwa likarudi kufua nguo. Kopo lililochomewa dhahabu hutupwa nyuma ya nyumba, na mtoto huliokota kwa kuwa limeshapata weusi wa moto na hivyo linafanana na sufuria ya kweli. Mfuko wa salfeti uliobebea mawe kutoka shimoni hufumuliwa ukawa wali. Kichupa kilichokuwa na zebaki, hata kikionekana kitupu, hubaki na chembe zinazong'aa, na hakuna kitu kinachomvutia mtoto kama maji mazito ya fedha yanayokimbia kiganjani bila kulowesha. Zebaki hugeuka hewa polepole hata bila moto, na hewa hiyo haina harufu wala rangi. Kwa mtu mzima ni hatari. Kwa mtoto, ambaye ubongo wake bado unajengwa, ni hatari zaidi.

Basi chombo chochote kilichopita machimboni kisiingie katika jiko la mchezo, hata kikioshwa mara kumi. Kanuni hiyohiyo ihusu vyombo vya dawa ya pamba na ya mahindi, ambavyo Shinyanga inavyo kwa wingi kila msimu. Chupa ya dawa hutobolewa mara inapoisha ili isitumike tena, wala haikatwi kuwa kikombe. Betri za redio na tochi zisipasuliwe kwa ajili ya ule unga mweusi wa ndani, ambao watoto huupenda kwa kupaka rangi.

Mbegu zinahitaji neno lake. Mahindi na pamba ya mbegu iliyotiwa dawa huwa na rangi ya kupendeza, na ni chakula cha mchezo kilicho tayari, lakini dawa ile ni sumu. Mbegu za nyonyo, ambazo wengine huziita mbarika, zina madoadoa mazuri kama maharage yaliyochaguliwa moja moja, na mmea wake huota wenyewe kando ya njia na majalalani. Mbegu chache zilizotafunwa zinaweza kumdhuru mtoto vibaya, hata kumuua. Mtoto aliyezitafuna apelekwe kituo cha kutolea huduma za afya mara moja, bila kutapishwa na bila kusubiri dalili, na mbegu zilizobaki zichukuliwe ili mganga azione. Kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, vizibo vya soda, punje, vipande vya sponji na kila kitu kinachoweza kupenya kooni viondolewe kabisa. Hao wapewe vyakula vikubwa vya trei ya mayai.

Kuna jambo jingine linaloonekana kwa anayetazama michezo kwa makini. Mtoto huigiza anachokiona. Anayeona mama akisonga, husonga. Anayeona zebaki ikichomwa kwenye jiko la mkaa ili dhahabu ibaki, naye huchoma. Si ajabu mapishi ya mtoto wa kijiji cha wachimbaji kuwa nusu ugali na nusu dhahabu: kopo moja la mboga, kopo la pili la kuchenjulia. Kumkemea mtoto kwa mchezo huo hakusaidii. Mzazi achukulie kwamba ameonyeshwa kinachofanyika mbele ya macho ya watoto, na kinachopaswa kuhamishwa ni uchomaji wenyewe. Uchomaji ufanyike mbali na nyumba na mbali na watoto, kwa retoti inayoirudisha zebaki badala ya kuiachia hewani. Kuhusu kazi yenyewe, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekwisha kusema: uchimbaji ni kazi ya hatari, na si ya mtoto.

Ikitokea zebaki imemwagika ndani, watoto watolewe nje kwanza na milango na madirisha vifunguliwe. Isifagiliwe, maana ufagio huigawanya ikawa matone madogo yasiyoonekana. Isishikwe kwa mkono mtupu. Ikusanywe kwa vipande viwili vya boksi gumu, itiwe katika chupa yenye maji kidogo na kifuniko kinachokaza, pamoja na vipande vyenyewe vya boksi. Isimwagwe chooni, isitupwe jalalani, wala isichomwe. Chupa hiyo iwekwe mbali na watoto, na Afisa Afya au Afisa Mazingira wa kata apewe taarifa ili aelekeze itakapopelekwa.

Mzazi anayeona mtoto aliyezoea kucheza kwenye marudio anatetemeka mikono, amepungua uchangamfu, au amerudi nyuma katika kusema na kutembea, asingoje siku ya kliniki. Ampeleke kituo cha afya, na amweleze mhudumu waziwazi kwamba familia inaishi karibu na mwalo au karasha, na kama dhahabu huchomwa nyumbani aseme. Wengine hunyamaza kwa kuogopa kuulizwa habari za leseni. Mhudumu wa afya anatafuta ugonjwa tu, na asipoambiwa atatibu malaria.

Kwa walimu wa madarasa ya awali, kila mzazi anaweza kuombwa alete trei moja ya mayai, boksi moja na mfuko mmoja mweupe uliokuwa na chakula. Vitu hivyo vikaguliwe mlangoni kabla ya kuingia darasani: vinuswe, vitikiswe, na mwalimu aulize vilikuwa na nini. Chenye jibu la kusitasita kirudishwe. Vyakula vikishakauka vihifadhiwe kwenye boksi lenye kifuniko, juu ya meza, kwa sababu panya nao hupenda uji wa ngano. Kwa matumizi ya kila siku havidumu sana. Vikianza kumeguka vinaloweshwa tena, vinatwangwa, na watoto wanapika upya.